Samaki wanaotaga mayai: yupi wa kuanza naye Malindi, yupi wa Lamu

Gapi na moli, samaki wa mapambo tunaowafuga tangini, huzaa. Unaamka asubuhi, unakuta vitoto vimeshajificha kwenye majani, na kazi iliyobaki ni kuwatenga na mama yao asije akawala. Baada ya miezi kadhaa mfugaji hutamani samaki anayemtaka akili zaidi: anayetaga, ambaye yai lake unaliona, unalilinda, na siku ya tatu unakuta kitu chembamba kama uzi kimening'inia kwenye kioo.

Shida ni kwamba ushauri mwingi wa kuchagua samaki hawa umeandikiwa watu wa nchi za baridi, wanaonunua hita ili maji yao yafike nyuzi 26. Huku pwani maji ya tangi hufika hapo yenyewe, na wakati wa kaskazi hupanda mpaka 29 au 30. Kwa hiyo White Cloud, samaki mdogo wa vijito vya milimani China anayesifiwa kuwa ndiye rahisi kuliko wote, simweki hapa kabisa. Yeye hupenda nyuzi 18 hadi 22. Goldfish naye hutaga vizuri akipata maji ya baridi na chombo kikubwa, na kwetu hukosa vyote viwili. Enjeli ni mrembo, lakini hutaka maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi, na tangi refu, na wengi hula mayai yao ya mwanzo. Waacheni hao kwa sasa.

Wanaobaki kwangu ni wanne: danio wa milia, konvikti, faita (ndiye beta), na Nothobranchius, samaki wa vidimbwi vya huku huku kwetu. Nieleze mapema ninakoegemea. Anayetumia maji ya mfereji Malindi aanze na danio. Anayetumia maji ya kisima Lamu aanze na konvikti. Faita na Nothobranchius wanavutia zaidi kuliko hao, lakini kila mmoja anadai jambo ambalo mgeni wa kazi hii bado hajalizoea.

Maji uliyonayo ndiyo yanayochagua

Maji ya mfereji ya Malindi hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na hutiwa dawa. Klorini ile huua vifaranga haraka kuliko inavyoua samaki mzima. Jaza ndoo, iache wazi usiku kucha na pampu ya hewa ikipuliza ndani, kesho yake yatumie. Ukiishi Malindi lakini maji yako ni ya kisima, basi kwa habari ya samaki wewe ni mtu wa Lamu.

Lamu habari ni nyingine. Mji unategemea maji tamu yaliyohifadhiwa chini ya michanga ya Shela, pamoja na visima vya mitaani, na maji yanayopita kwenye mchanga wa pwani na mawe ya matumbawe hutoka na chokaa nyingi. Visima vingine vina chumvi ya kuonjeka. Hakuna haja ya kununua vipimo ili ujue. Nawa mikono kwa sabuni ya mche: ikikataa kutoa povu, maji yako ni magumu. Tazama pia ndani ya sufuria ya kuchemshia chai kama kuna ukoko mweupe.

Maji magumu si balaa. Watu wa Lamu wamefuga samaki ndani yake zamani sana. Birika za misikiti na za majumba ya kale hutiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na birika zenyewe zimepakwa chokaa. Linalotakiwa ni kumpata samaki anayeyapenda. Konvikti anayapenda. Danio anayavumilia, ingawa mayai yake hutoka vizuri zaidi ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua. Kinga mvua ya masika kwenye paa la mabati, lakini iache ioshe paa kwanza kabla ya kuweka chombo. Ya kwenye makuti huja na rangi ya chai na uchafu mwingi, mimi siyatumii kwa mayai. Faita naye huishi katika maji magumu, ila hutaga kwa furaha zaidi yakiwa laini kidogo.

Siku kumi za mwanzo

Hapa ndipo watu wanapokatiwa tamaa. Kumtagisha samaki si kazi ngumu. Kazi ni kumlisha kifaranga ambaye mdomo wake ni mdogo kuliko chembe ya unga. Mtu hupata mayai mia mbili, yakaanguliwa mia moja na hamsini, na wiki ijayo ana vifaranga wanne. Hawakufa kwa ugonjwa. Walikufa njaa katikati ya chakula walichoshindwa kukimeza, na chakula hicho kikaoza kikaharibu maji.

Kwa hiyo kabla ya rangi, kabla ya bei, uliza: kifaranga wa samaki huyu anakula nini siku ya kwanza anapoanza kuogelea?

Konvikti na Nothobranchius hutoka wakubwa kiasi cha kumeza papo hapo artemia wachanga, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba. Danio anataka kitu kidogo zaidi kwa siku tano hivi, kisha naye huingia kwenye artemia. Faita ndiye mgumu: wiki nzima, pengine zaidi, anahitaji vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Kipimo hiki peke yake kinatosha kuwapanga wote wanne.

Na kwa artemia sisi tuna bahati ambayo mfugaji wa Nairobi hana. Mayai yake makavu huuzwa kwenye kopo, na huanguliwa ndani ya maji ya chumvi. Wa bara hupima chumvi kwa mizani; wewe unateremka ufukweni na chupa. Teka wakati maji yamejaa, mbali na mifereji ya mji, chuja kwa kitambaa. Kata chupa ya soda kitako, igeuze mdomo chini, tia maji ya bahari na nusu kijiko cha mayai, ingiza mpira wa hewa mpaka chini kabisa, weka mahali penye mwanga. Kwa joto letu la nyuzi 28, kesho saa hizo hizo utaona wingu la rangi ya chungwa likicheza. Zima hewa, subiri dakika kumi, maganda yaelee juu na artemia washuke. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa laini, wasuuze kwa maji matamu, walishe. Artemia wenyewe si wageni pwani hii: waliingizwa kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, miaka ya 1980.

Vile vijidudu vidogo navyo hutengenezwa nyumbani. Tia kipande cha ganda la ndizi kwenye mtungi wa kioo wenye maji yaliyotoka tangini, funika kwa kitambaa cha chandarua ili mbu wasitage humo, weka dirishani. Maji yatachafuka na kunuka kidogo, kisha baada ya siku nne au tano yataanza kusafika. Yakisafika ndipo yamejaa uhai. Anza mtungi huo kabla ya kuwatagisha samaki, si baada, na weka mwingine siku mbili nyuma yake ili usikatikiwe.

Danio wa milia

Asili yake ni Bara Hindi, na hakuna samaki mdogo aliyechunguzwa kumshinda. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ndiye aliyemfanya kuwa samaki wa maabara, na makala yake ya mwaka 1981 iliwafungulia wengine mlango. Faida kwako ni kwamba kila hatua ya yai lake inajulikana saa kwa saa, na joto ambalo maabara hulitumia, nyuzi 28.5, ni lile lile ulilonalo sebuleni bila kulipia.

Nunua sita au wanane. Jike ana tumbo la mviringo na rangi ya fedha. Dume ni mwembamba, na kati ya milia yake kuna wekundu wa dhahabu. Watenge jike na dume siku chache, walishe vizuri, viluwiluwi vya mbu vikiwa ndiyo chakula bora kuliko vyote. Kisha andaa chombo kidogo, hata beseni la plastiki la lita kumi linafaa, maji yasizidi kina cha shubiri moja, na chini panga gololi tabaka mbili. Magharibi waingize jike mmoja na madume wawili. Mwanga wa alfajiri ukiwapiga watakimbizana na kutaga, na mayai yatateleza kati ya gololi wasipoweza kuyafikia. Bila gololi watayala mpaka la mwisho. Danio hana ulezi wowote. Huna gololi, tandaza kipande cha chandarua kilichowambwa sentimita mbili juu ya sakafu ya chombo. Ikifika adhuhuri watoe wazazi.

Yai lina upana wa milimita moja na ni angavu kama kioo. Lililogeuka jeupe limekufa. Livute kwa bomba la sindano kabla ukungu haujashika wenzake. Na siku inayofuata, usiache kufanya hivi: chota yai moja kwenye kisahani, mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, tazama kwa kioo cha kukuzia. Utaona mkia ukijipinda ghafla, ukatulia, ukajipinda tena, na karibu na kichwa kitone kinachodunda. Huo ni moyo, una umri wa saa chache tu. Waite watoto wa nyumba waone. Hakuna samaki mwingine kati ya hawa wanne anayekuonyesha hayo kwa uwazi namna hiyo, na kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kumtanguliza.

Siku ya pili au ya tatu wanatoka, wanajishikiza kwenye kioo, na kama siku ya tano tangu kutagwa wanaanza kuogelea. Ndipo mtungi wa ganda la ndizi unapoanza kazi. Kwa miezi mitatu hivi wamekomaa. Na kama kundi zima limekufa, jike yule yule atataga tena ndani ya wiki moja au mbili. Kwa anayejifunza hilo ni jambo kubwa: kosa la danio halikugharimu msimu.

Udhaifu wake? Ni samaki wa mwendo, anahitaji maji yenye hewa. Umeme ukikatika usiku kucha kwenye tangi lililojaa, ataumia kabla ya faita, ambaye huvuta hewa ya juu ya maji. Na kwa uzuri tu, wanunuzi hawamkimbilii.

Konvikti

Huyu ametoka Amerika ya Kati, na mlezi wake akikosa kila kitu isipokuwa maji magumu na tangi la lita themanini, bado atapata vifaranga. Mpe kifuu cha nazi kilichochemshwa na kutobolewa mlango ubavuni. Ndicho nyumba yake. Jike, ambaye ni mdogo kuliko dume na ana rangi ya chungwa tumboni, hubandika mayai kwenye dari la kifuu na kuyapepea kwa mapezi. Siku ya tatu yanaanguliwa. Wazazi huwahamisha vifaranga kwa midomo mpaka kwenye shimo walilolichimba mchangani, na baada ya siku tano au sita hivi kundi zima hupanda juu kama moshi, baba mbele, mama nyuma.

Hapo wewe kazi yako ni artemia na unga laini wa chakula cha kawaida. Hakuna kuwatenga wazazi, hakuna kutoa mayai mabovu. Mama anayatoa mwenyewe. Kwa mtu aliyekwisha kushindwa mara nyingi, konvikti humrudishia moyo.

Anayelinganisha lazima aseme na upande wa pili. Konvikti mwenye watoto hamvumilii samaki mwingine tangini, hata awe mkubwa kumshinda. Lazima wakae peke yao. Pili, hawaachi. Vifaranga mia leo, mia wengine wiki chache zijazo, na baada ya mwaka huna wa kumpa. Kabla hujawaunganisha, jua watakwenda wapi: kwa mwenye duka, kwa shule, kwa jirani mwenye tangi. Wasimwagwe mtoni wala kwenye kidimbwi, hata mmoja. Sabaki na vidimbwi vya nyanda zake vina samaki wake, na mgeni mkali anayetaga mwaka mzima hatawaachia nafasi.

Faita

Wengi wanaoniuliza huanza na huyu kwa sababu ya mapezi. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, humkumbatia jike chini yake, mayai yanapodondoka huyaokota moja moja kwa mdomo na kuyapandisha. Ni jambo la kukaa kitini ukalitazama asubuhi nzima.

Pwani tunalo jani ambalo wafugaji wa Thailand wanalitumia siku zote: jani kavu la mkungu. Limejaa barabarani. Okota lililokauka likageuka kahawia, lioshe, litie tangini. Hugeuza maji kuwa rangi ya chai, huyalainisha kidogo, hupunguza ukungu kwenye mayai, na dume hupenda kujenga kiota chini yake.

Kina cha maji kiwe shubiri moja hivi. Jike mweke ndani ya gilasi ya wazi katikati ya tangi siku moja ili waonane; dume akishajenga na jike akaonyesha mistari ya kusimama ubavuni, mfungulie. Wakimaliza, mtoe jike mara moja kwa sababu dume atamuua. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi mbili, na siku tatu baadaye, vifaranga wakianza kuogelea mlalo, mtoe na baba.

Kuanzia hapo ndipo ugumu. Vifaranga wa faita ni wadogo mno, na mitungi miwili ya vijidudu haitoshi, weka minne. Katika wiki ya tatu na ya nne wanaota kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji, na hewa hiyo ikiwa ya baridi na kavu huwaangusha. Wakati wa kusi, upepo unapoingia dirishani usiku, funika tangi kwa kioo au nailoni ukiacha upenyo mdogo. Ikifika miezi miwili au mitatu madume huanza kuraruana, na kila mmoja anataka chupa yake na kubadilishiwa maji yake. Madume arubaini ni chupa arubaini. Mwenye muda na rafu ya ukutani atalipwa, kwani faita mzuri ana mnunuzi kila siku. Mwenye kazi ya kuajiriwa na nyumba ya chumba kimoja aanze na danio, mwakani amrudie.

Nothobranchius

Huyu ndiye nimpendaye kuliko wote, na natamani watu wa Malindi wamjue kabla hawajajifunza majina ya samaki wa Amazoni. Nothobranchius jubbi, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1979, ni wa vidimbwi vya mvua vya nyanda za pwani kaskazini mwa Malindi kuelekea Somalia. Ndugu yake wa Unguja, Nothobranchius guentheri, anajulikana tangu 1893. Dume ana buluu na wekundu ambao hata faita hamfikii, naye ni wa urefu wa kidole.

Anaishi kwenye kidimbwi kinachokauka. Mayai yake hufukiwa matopeni, kidimbwi kikakauka kabisa, ng'ombe wakapita juu yake, wazazi wote wakafa, na yai likalala pale miezi mpaka mvua irudi. Likipata maji, kifaranga hutoka ndani ya saa chache, na kwa wiki tano au sita ni mzima anayetaga. Huko kidimbwini umri wake wote haufiki mwaka.

Kumtagisha ni rahisi. Dume mmoja, majike wawili au watatu, tangi la lita ishirini, na ndani yake bakuli lenye makumbi ya nazi yaliyochemshwa mpaka maji yake yakaacha rangi. Wafugaji wa Ulaya hununua udongo maalumu wa mabwawa kwa kazi hii. Makumbi yanafanya vile vile. Kila wiki mbili toa makumbi, yakamue kwa mkono mpaka yabaki na unyevu tu, yasidondoshe. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, andika tarehe na jina, weka kabatini. Guentheri anachukua kama miezi mitatu. Jamii nyingine huhitaji zaidi, na joto likizidi muda hupungua. Chambua makumbi mara kwa mara ukatafute yai: ukiona macho mawili meusi ndani yake, wakati umefika. Mimina maji ya baridi kiasi, na artemia wawe tayari siku hiyo hiyo. Usiyatupe makumbi hayo. Yakaushe tena, kwa sababu mayai mengine husubiri mvua ya pili.

Basi kwa nini simtangulizi? Kwa sababu ya kungoja. Anayeanza anahitaji kuona matokeo ya alichokifanya wiki ile ile, ajue kosa liko wapi. Huyu anakujibu baada ya miezi, na ukipata mfuko usio na kitu huwezi kujua kama makumbi yalikuwa na maji mengi, au joto, au dume. Mpate ukiwa umeshawalea danio hadi wakubwa. Chukua jozi kutoka kwa mfugaji, au mayai. Wafugaji hutumiana mayai kwa posta ndani ya makumbi yenye unyevu. Usiende kukomba kidimbwi, na usichanganye samaki wa kidimbwi kimoja na wa kingine, kwani kila kundi lina rangi zake na likishachanganywa halirudi.

Ukitaka kuanza wiki hii

Malindi: danio wanane, beseni, gololi, kichungi cha sponji, mtungi wa ganda la ndizi uanzishwe leo na samaki wanunuliwe wiki ijayo. Lamu: jozi moja tu ya konvikti, tangi lao peke yao, kifuu, na mtu aliyekwisha kukubali kuchukua vifaranga. Aliye Lamu na moyo wake uko kwa danio asubiri masika, akinge mapipa mawili ya mvua. Na asiye na uhakika wa umeme, popote alipo, samaki wake ni faita, mradi chupa zake ziwe zimeoshwa na kupangwa kabla jani la kwanza la mkungu halijaingia majini.